Upindo wa Kanzu Nyeupe

Harufu ya pasi ya makaa ikipita juu ya pamba nyeupe iliyonyunyiziwa maji hunisimamisha hadi leo. Wengine harufu hiyo huwakumbusha Jumapili, nguo safi, chai ya maziwa na mandazi. Mimi hunikumbusha woga. Nilikulia Kibera, upande wa juu karibu na mtaa wa Olympic, katika chumba kimoja ambacho nusu yake ilikuwa kitanda cha wazazi na nusu nyingine cherehani ya mama. Mimi na kaka yangu Ezra tulilala popote ambapo cherehani haikufika. Mama alikuwa fundi wa kanzu za kanisa letu, kanzu ndefu nyeupe zenye msalaba mwekundu kifuani, na kila Jumamosi alizitundika kwenye misumari ukutani, mikono mitupu ikining'inia, hata ukigeuka ghafla unadhani umeingiliwa na wageni. Nilipokuwa mdogo nilizipenda sana. Nilipofika darasa la tano nilianza kuziogopa, kwa sababu moja kati yake ilikuwa yangu.

Sharti kwanza nieleze kanisa letu, maana bila hilo hamtanielewa. Lilikuwa la mabati, lina ngoma mbili na bendera moja, na waumini wake wengi walitoka Magharibi, Vihiga na Busia, na wachache kutoka kando ya ziwa. Kiongozi wetu alikuwa Mama Jerida, muuzaji wa omena, dagaa wa ziwani, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Kwetu Roho Mtakatifu hakuja kimyakimya. Alipomshukia mtu, mtu huyo alitetemeka, magoti, mikono, hata meno. Aliyetetemeka alikuwa ameitwa. Angeandaliwa, angevishwa kanzu, angeombea wagonjwa na kuwaambia watu neno alilopewa. Na aliyeitwa akakataa, hilo tulilijua hata watoto, ugonjwa ungebisha hodi kwake au kwa mtu wake wa karibu. Kulikuwa na mzee mmoja aliyekimbia wito wake, mguu ukavimba kama gogo la mgomba, akarudi mwenyewe akichechemea. Kila nilipomwona yule mzee niliutazama mguu wake kabla sijautazama uso wake. Hatukukatazwa kwenda hospitali, la hasha. Ila mtu aliyekimbilia dawa kabla ya maombi alitazamwa kwa jicho la pembeni, na jicho la pembeni la Mama Jerida lilitosha kumrudisha mtu kitandani.

Sasa sikilizeni nilivyoitwa. Siku moja ya sikukuu tuliandamana kwa miguu kutoka Kibera hadi Kawangware, kwenye kanisa lililotuzaa, bendera mbele, ngoma nyuma, kanzu zote nyeupe kabla vumbi halijazifikia. Tulipokaribia steji ya 56, kituo cha matatu cha Kawangware, soko lilikuwa limechemka. Makondakta wanaita, vinyozi wamefungulia muziki, mtu anakata bati, mwingine anasukuma mkokoteni wa viazi huku akitupigia kelele tumpishe. Nilisimama kidogo, kidogo tu, kuangalia mwanamke akisukwa nywele za rangi ya zambarau. Nilipogeuka sikuona hata kanzu moja. Woi, mama yangu! Niliita, sauti ikamezwa. Nilikimbia huku, nikakimbia kule, nikaingia kichochoro nikatokea kwenye duka la misumari ambako nilikuwa nimetokea tayari. Mtu mmoja alinishika bega akaniuliza, "Sasa, kasupuu, karembo wewe, umepotea?" nami nikachomoka mkononi mwake nikidhani ananiiba. Niliamini kabisa kwamba sitamwona mama tena maishani, kwamba nitalelewa na watu wa Kawangware na kusahau jina langu.

Ilikuwa ngoma iliyoniokoa. Niliisikia kwa mbali, nikaifuata sauti, mpaka nikafika kwenye mlango wa kanisa lililojaa watu. Nilivua viatu, kwa maana hata katika hofu ile nilijua huingii na viatu, nikapita katikati ya miguu ya watu. Nilifika mbele wakati ule ule ngoma iliponyamaza na Mama Jerida alipoinua mikono akimwomba Roho ashuke. Kimya kikatanda. Katikati ya kimya hicho nikasimama mimi, mtoto asiye na viatu, nikitetemeka kuanzia nywele hadi kucha. Meno yaligongana. Nilitaka kusema "Mama yuko wapi?" lakini taya lilikataa. Mama Jerida akanitazama, macho yakamtoka, akaniwekea kiganja kichwani. "Mmeona?" akasema. "Mmeona mtoto? Roho ameshuka!" Ngoma zote zikalipuka kwa pamoja, vigelegele vikapaa, nami nikazidi kutetemeka, maana nani asingetetemeka? Ndipo mama akatokea umatini akilia machozi ya furaha. Alikuwa amenipa jina la marehemu mama yake, Truphena, mwanamke aliyesifika kwa maombi kijijini kwao. Akapiga magoti mbele yangu akasema, "Mama yangu amerudi." Niambieni, ningemjibu nini? Kwamba nilikuwa nimepotea tu?

Nilinyamaza, na kunyamaza kule kukazaa mambo. Shuleni Ezra alieneza habari, na wenzangu wakaniandama. "Niaje, nabii! Hebu tuambie maswali ya mtihani wa hesabu." Nilipofeli mtihani huo huo, walicheka hadi wakakaa chini. Kila Jumamosi nilikwenda kwa Mama Jerida kuandaliwa. Alinifundisha nyimbo, jinsi ya kuinua bendera bila kugonga nyaya za stima, jinsi ya kumwekea mgonjwa mkono bila kumlalia. Alinieleza namna ya kumtambua aliyeshukiwa na Roho. Mikono yake huwa na joto, alisema, na akimaliza kutetemeka huinuka akiwa na nguvu kuliko alivyokuwa. Mimi mikono yangu siku ile ilikuwa baridi kama samaki wake, na baada ya ibada nilibebwa mgongoni hadi nyumbani. Nilimwambia kwa sauti ndogo kwamba naogopa, sijui kuomba, sina maneno. Aliendelea kuchambua omena. "Anayekutuma ndiye hulipa nauli," akasema. "Wewe panda tu." Nilirudi nyumbani nikajificha nyuma ya choo cha wapangaji wa ploti yetu, nikafumba macho, nikangoja nitetemeke tena. Nilingoja sana. Hakuna lililotokea isipokuwa jirani kuniuliza kama nina shida ya tumbo.

Mama alianza kunishonea kanzu. Alinisimamisha juu ya kigoda akanipima huku amebana pini midomoni, na furaha yake ilinichoma kuliko pini zenyewe. Alikata kitambaa kirefu kupita kimo changu, akakikunja chini mara mbili, upindo mpana wa kiganja kizima. "Hii utaivaa miaka," alisema. "Ukirefuka nafungua upindo kidogo. Ukirefuka tena nafungua. Sitaki mtu aseme mtoto wangu amepungukiwa." Nilimwuliza, "Na kama sitatosha?" Akadhani nazungumzia nguo. Akacheka, akanichapa kidogo matakoni, akasema nguo ndiyo itakayonitosha, siyo mimi kuitosha nguo. Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, lakini hawakutuambia la kufanya ukiwa umevuliwa na mama yako.

Kabla hajamaliza ule upindo, simu ilitoka nyumbani Busia kwamba mjomba wake amefariki. Mama alishikiza kanzu kwa pini, akaitundika, akaenda mazishi. Baba alikuwa Nakuru kwenye kazi ya mjengo, kwa hiyo mimi na Ezra tulikula kwa Mama Jerida. Mama alirudi na ndizi, karanga na uso uliochoka, akarudi kwenye cherehani yake. Haukupita muda mrefu akaanza kulalamika kwamba kichwa kinamuuma. Halafu akaacha kula. Halafu siku moja mchana, jua likichoma mabati mpaka yakalia, nilimkuta amejifunika blanketi mbili na kanzu za wateja juu yake, anatetemeka. Meno yake yaligongana kama yangu yalivyogongana siku ile. "Trufe, mama," akasema, "funga mlango, baridi inaingia." Jasho lilinitiririka kwa joto la chumba kile, lakini moyoni niliganda.

Nitasema wazi nilichokidhani, maana ndicho kilichonila msimu ule wote. Nilidhani ni mimi. Nilikuwa nimedanganya kwamba nimeitwa, au nilikuwa nimeitwa kweli nikakataa kwa moyo, vyovyote vile adhabu ilikuwa imebisha hodi kwa mtu wangu wa karibu. Nilimtazama mama kila saa kuona kama kuna kinachovimba. Akienda chooni nilimsubiri mlangoni. Akilala mchana niliweka sikio karibu na mdomo wake, na pumzi ikichelewa kidogo, yangu nayo ilisimama. Waumini walikuja, wakaimba, wakaomba. Baadhi yao walisema amebeba kitu kutoka matangani, jicho la mtu. Wengine walisema hapana, angalieni anavyotetemeka, Roho anapigana ndani yake, tusimwingilie. Baba alipiga simu, sauti inakatika katika upepo wa mjengo: "Fanyeni vile Mama Jerida atasema." Na Mama Jerida alisema Jumapili mama aletwe kanisani, na mtoto aliyeitwa avishwe kanzu, aombe, atoe neno. Mtoto aliyeitwa! Niliposikia nilikimbilia nyuma ya kile choo.

Jumapili hiyo mke wa jirani alipiga kanzu yangu pasi kwa uangalifu, akizizunguka pini, akanivisha. Hakuna aliyekuwa na muda wa kushona upindo. Pini zilinidunga kwenye vifundo vya miguu kila nilipopiga hatua, na nilikumbuka ule usemi kwamba kikulacho ki nguoni mwako, nikaona wahenga walikuwa wananijua kwa jina. Mama aliletwa ameshikiliwa mabegani na akina mama wawili, akawekwa kwenye mkeka mbele ya madhabahu. Alikuwa amepungua, macho yamegeuka manjano. Ezra, aliyekuwa akipiga ngoma ndogo, hakuthubutu kumtazama, akaikazia ngoma macho. Ngoma zilianza. Mama naye akaanza kutetemeka, na kanisa likashangilia. "Halleluya! Roho yupo!" Watu wakapiga makofi, wakazunguka, vumbi likapanda. Nilipiga magoti nikamshika mkono kama nilivyofundishwa.

Mkono ulikuwa baridi. Nje jua la mchana lilikuwa linaunguza, watu mia wamejazana ndani ya mabati, na mkono wa mama ulikuwa baridi, kucha zimegeuka rangi. Kisha kutetemeka kukaisha, na mama hakuinuka na nguvu. Kichwa kiliangukia upande. Aliniambia jambo, nikainama, nikamsikia akimwita mama yake aliyekufa, siyo mimi mwenye jina lake, yule mwenyewe. Hapo ndipo nilipojua. Nilijua kwa sababu mimi peke yangu, katika kanisa lile lote, nilijua kwamba mtu anaweza kutetemeka mbele ya madhabahu, na Roho asiwe na habari. Watu wazima hawakuwa wamewahi kufikiria jambo hilo. Mimi nilikuwa nimelala nalo tangu Kawangware.

Mama Jerida aliinua mkono, ngoma zikanyamaza. "Mtoto aseme neno alilopewa." Macho yote yakanigeukia. Sijawahi kuogopa namna ile, wala kabla wala baada. Nikisema ukweli, nitakuwa mwongo mbele ya kanisa zima, nitavuliwa kanzu, mama atakufa akijua mama yake hakurudi. Nikinyamaza, atakufa tu. Pini zilinidunga, na nilianza kulia kwa sauti kabla sijasema lolote. "Siyo Roho!" nilipiga kelele. "Mama ni mgonjwa! Hata mimi siku ile haikuwa Roho, nilikuwa nimepotea hapo 56, niliogopa! Nilitetemeka kwa kuogopa! Na sasa naogopa! Shikeni mkono wake, ni baridi! Apelekwe hospitali, tafadhali, apelekwe hospitali!" Kisha nikajikunja juu ya mama nikisubiri paa liniangukie.

Paa halikuanguka. Mtoto mmoja alikohoa. Nilisikia miguu ya Mama Jerida ikija, mizito, nikafumba macho. Alipita juu yangu, akapiga magoti kwa shida, akaushika mkono wa mama. Aliushika kwa muda. Alipoongea sauti yake ilikuwa ndogo, sijaisikia ndogo hivyo tena. "Ni baridi," akasema. Halafu akaligeukia kanisa, na ile sauti ya kuamsha mtaa ikarudi. "Mnangoja nini? Mtoto amepewa neno, mmelisikia. Leteni mkokoteni!" Haki ya Mungu, ndivyo alivyosema. Nilikuwa nimekana mbele ya watu wote kwamba nimeitwa, na hata hilo wakalipokea kama unabii.

Mkokoteni ulipatikana kwa muuza maji. Wakautandika blanketi na kanzu zao, wakamlaza mama, wakatoka naye. Mnajua vichochoro vyetu vya Kibera Jumapili mchana, watu, majiko ya chapati, watoto, mitaro, nguo zilizoanikwa. Mgonjwa angeweza kufia njiani watu wakibishana nani ampishe nani. Lakini sisi tulikuwa na bendera, na tulikuwa na ngoma, na tulikuwa tumezoea kuandamana. Mama Jerida alitangulia na bendera, Ezra akapiga ngoma huku analia, na watu wakabanana ukutani kutupisha kabla hata hawajajua kuna nini. Kina mama walibeba majiko yao wakayaweka kando yakiwa yanawaka. Nilikimbia kando ya mkokoteni nimeshika mkono wa mama, pini zikidondoka moja moja, upindo ukafunguka ukawa unaburuta kwenye tope la Kibera. Tulipanda hadi Olympic, tukapita mtaa wa Ayany watu wakichungulia madirishani, mpaka kwenye zahanati. Nesi alipoona umati wa kanzu nyeupe na ngoma alisimama mlangoni akasema, "Hapa si kanisa." Mama Jerida akamjibu, "Tunajua. Ndiyo maana tumekuja."

Ilikuwa malaria. Watu wa Nairobi husahau kwamba ipo, lakini sisi wa kutoka Magharibi huenda mazishini tukarudi nayo ndani ya damu, mbu wa huku hana habari. Nesi alisema ilikuwa imepanda kichwani, na kwamba tungengoja kidogo zaidi tungerudi Busia kwa mazishi mengine. Mficha maradhi kifo humuumbua, na sisi hatukuwa hata tumeficha, tulikuwa tumeyaimbia nyimbo. Mama alilazwa hospitalini, akarudi nyumbani amekonda, na kitu cha kwanza alichofanya ni kuomba kanzu yangu. Aliifua tope, akaanza kushona upindo kwa mkono kwa sababu miguu haikuwa na nguvu ya kukanyaga cherehani. Nilikaa karibu yake nikingoja anigombeze. "Kwa nini hukuniambia ulikuwa umepotea?" akauliza mwishowe. Nikamwambia, "Ulikuwa umefurahi sana." Alishona mpaka mwisho wa upindo, akakata uzi kwa meno, akanivisha.

Sasa nashona mwenyewe, hapa Kawangware, nyuma ya steji ile ile ya 56 niliyopotelea, kwa cherehani ile ile. Soko limeongezeka, kila kona ina duka la dawa, na katika kanisa letu mtu akitetemeka siku hizi kuna dada atakayemgusa paji la uso kwanza na kuuliza alisafiri lini. Mama Jerida amepumzika kwa Bwana. Mama yuko nyumbani Busia, mzima, na kila Jumamosi hunipigia simu kuuliza kama nimeshapiga kanzu pasi. Ile kanzu ya kwanza alinifungulia upindo mwaka baada ya mwaka mpaka ukaisha, ikabaki mistari hafifu ya mikunjo ya zamani pale chini, na nimeitunza. Nimeshikilia nafasi ya Mama Jerida mbele ya watu, naombea wagonjwa, nasema ninachopewa. Nilidhani ukubwani woga utaniacha. Haujaniacha hata siku moja. Jumapili asubuhi mikono yangu huwa baridi, na sijui bado kama siku ile Kibera nilipewa neno au nilikuwa mtoto anayeogopa kufiwa. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, husema watu. Mimi nimepitia nyumba zote mbili na nimekuta mtu yuleyule ndani.

Jumapili iliyopita msichana mdogo, mgeni, alisimama katikati ya kanisa wakati ngoma iliponyamaza. Alikuwa anatetemeka. Kanisa likashusha pumzi, wakanitazama, wakingoja niseme lile neno ambalo nilisemewa mimi. Magoti yangu nayo yakaanza. Nilimwendea, nikapiga magoti mbele yake, nikamshika mikono, nikamwuliza swali ambalo kwangu halikuulizwa. "Una nini, mama?" Alinong'ona, "Naogopa." Nikamwuliza anaogopa nini. Akaangalia kanzu zile zote nyeupe nyuma yangu, akanirudishia macho, akasema, "Nyinyi." Nikamwambia hata mimi naogopa. Tukakaa chini pale pale, tumeshikana, mpaka mikono yake ikapata joto.